Nani Anaishi Maisha ya Kawaida? Kasri la Kerrigan na Kiti cha Bibi

Muhula uliopita, katika semina yetu ya fasihi na filamu, tulitazama filamu mbili za Australia: The Castle (1997) ya Rob Sitch na Samson and Delilah (2009) ya Warwick Thornton. Mjadala ulipoanza, wenzangu wengi walikubaliana harakaharaka kwamba ya kwanza inasawiri maisha ya kawaida ya Waaustralia, na ya pili inasawiri tatizo la Waaborijini. Nilibisha, muda ukaisha, sikuridhika. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na The Castle, maana hiyo kila mtu aliipenda. Darryl Kerrigan, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la kuvuta magari mabovu, anaishi na familia yake ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Melbourne, chini ya nyaya za umeme mkubwa. Kwa macho ya mthamini nyumba ile si lolote si chochote. Kwa Darryl ni kasri. Akipewa zawadi ya kipuuzi anatamka kwamba itakwenda chumba cha pulu, yaani mahali pa heshima. Mkewe Sal akipakua chakula cha siku zote anasifiwa kana kwamba kavumbua mapishi. Msimulizi ni Dale, mmoja wa wanawe, naye anasimulia yote haya kwa imani safi. Kejeli iko kwetu watazamaji: tunaanza kwa kumcheka Darryl, tunamaliza tukimwonea wivu. Filamu ilipigwa kwa siku 11 tu na haraka hiyo inaonekana, lakini mimi sioni kuwa ni kasoro. Kamera imetulia kama mgeni aliyekaribishwa chai.

Kisha inafika taarifa kwamba nyumba inatwaliwa ili uwanja upanuliwe. Hapo niliacha kucheka. Shangazi yangu aliwahi kuamka akakuta X nyekundu imechorwa ukutani kwake, na siku ile hakutaja sheria yoyote. Alitaja mwembe na kisima. Sitch amelijua hilo. Darryl hoja zake ni vitu na watu waliomo ndani. Wakili wake wa mtaani, Dennis Denuto, anapobanwa ataje kifungu cha Katiba kilichovunjwa, anababaika, anazitaja Katiba, haki, sheria na Mabo kwa pumzi moja, kisha anadai eti ni ule mvumo wa jumla wa mambo. Semina nzima iliangua kicheko. Lakini hebu tusimame kwenye jina moja: Mabo.

Eddie Koiki Mabo alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Mer, katika mlango wa bahari wa Torres. Kesi aliyoifungua na wenzake mwaka 1982 ilitolewa hukumu na Mahakama Kuu ya Australia tarehe 3 Juni, 1992, miezi kama mitano baada ya yeye kufariki. Hukumu hiyo iliikataa dhana kwamba Waingereza walipofika waliikuta nchi isiyo na mwenyewe. Miaka mitano baadaye jina lake ni sehemu ya mzaha wa wakili aliyekwama. Simlaumu Sitch kwa mzaha. Mahali pengine Darryl mwenyewe anasema ameanza kuelewa wanavyojisikia Waaborijini, kwamba nyumba yake ni kama ardhi yao, imebeba kumbukumbu. Maneno mazito hayo. Ila huyo anayeeleweka yuko wapi? Mtaani tunakutana na mzee Jack, tunakutana na Farouk mhamiaji kutoka Lebanon. Mwaborijini tunamsikia tu. Hoja yake imeazimwa, mwenyewe hakuitwa mezani. Na Darryl anashinda, kwa kifungu kinachotaka mali ikitwaliwa itwaliwe kwa masharti ya haki.

Televisheni nayo ilikuwa hivyohivyo. Neighbours, tamthilia ya mtaa wa Ramsay, ilianza mwaka 1985; mwigizaji wa kwanza wa asili ya wenyeji kuingia katika kundi la waigizaji wakuu ni Meyne Wyatt, mwaka 2014. Miaka 29 jamani!

Sasa tumtazame Thornton, Mkaytetye wa Alice Springs, ambaye filamu yake ilipata tuzo ya Kamera ya Dhahabu kule Cannes mwaka 2009. Wenzangu waliondoka wakikumbuka petroli, kwa sababu Samson anainusa tangu mwanzo. Ni kweli, anainusa. Ila daftari langu lilijaa mambo mengine. Delilah anampa bibi yake dawa, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kliniki, wanarudi, wanaketi kuchora ile michoro ya nukta. Bibi anamtania kuhusu Samson, eti mumeo huyo. Simu ya umma inalia, hakuna anayeipokea. Bendi ya kibarazani inapiga reggae ileile ya jana. Kama huku si kuishi kwa kawaida, basi neno hilo tulifute.

Nadhani kilichotupotosha ni usimulizi. Akina Kerrigan wana Dale wa kutueleza kila kitu. Samson ana kigugumizi, na filamu nzima neno linalomtoka ni jina lake tu. Mtazamaji asiyepewa maneno ya kushika anashika petroli.

Thornton naye ana lawama yake. Vijana hawa wakishafika mjini, maafa yanafuatana mno: Delilah anatekwa, kisha anagongwa na gari, na mara zote Samson amelewa petroli hata hajui. Msanii anaanza kutuhesabia. Mjini tukio lililonigusa ni dogo: Delilah anauona mchoro wa bibi yake kwenye jumba la sanaa kwa bei ya kutisha, anajaribu kuuza wake, hakuna anayemtazama.

Darryl aliokolewa na wakili mkubwa mstaafu aliyejitolea bure. Delilah anamchukua Samson hadi kibanda kilichoko kwenye ardhi ya ukoo wake, mbali na kila mtu, na kumwogesha kwenye birika la maji ya mifugo. Anamsugua taratibu, kama alivyokuwa akimhudumia bibi. Wakati huo semina yetu ilikuwa imeshaanza kufunga mikoba. Kanda ipo maktaba. Irudieni sehemu ile.