Mgeni Mlangoni: Tatizo la Shujaa katika Visakale vya Homa Bay na Migori

Makala haya yanahoji zoea moja katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi. Mhakiki anapokutana na kisakale, swali lake la kwanza huwa ni la shujaa: ana nguvu gani, siri yake ni ipi, na ni nani aliyemsaliti. Kigezo hiki kinamfaa Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhamadi Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913. Huyu anauawa na mwanawe mwenyewe kwa kuchomwa shaba kitovuni. Kinamfaa pia Luanda Magere wa Kano, ambaye siri ya mwili wake wa jiwe inafichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Katika visa hivi viwili historia inageuka kwa kifo cha mtu mmoja. Tunadai kwamba kusini mwa Ghuba ya Winam, katika Homa Bay na Migori, kigezo hiki kinapwaya.

Tuanze na Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay. Yasimuliwa kwamba ajuza mmoja alifika kijijini wakati watu wanakunywa pombe, nao wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, akaonywa ahame. Kisha kijiji kikazama. Hapa hakuna shujaa wala msaliti. Kuna mgeni, na kuna namna alivyopokewa. Huko Nyandiwa, Gwassi, Nyamgondho mvuvi maskini anamnasa ajuza katika mtego wake, anamchukua nyumbani, naye ajuza anamletea ng'ombe wengi. Utajiri unapomlevya sawasawa na pombe, anamtukana. Ajuza anarudi ziwani, mifugo ikimfuata, na Nyamgondho anabaki ufukweni amegeuka mti. Hivyo mapokezi mema ya siku ya kwanza hayakumtosha. Kipimo cha mwenyeji kinaendelea hata baada ya mgeni kuwa mtu wa nyumbani.

Mtu atatupinga kwamba hivi ni visasili vya usuli, havipaswi kuwekwa pamoja na visakale vya watu waliopata kuishi. Basi na tumtazame Gor Mahia wa Kanyamwa, kiongozi na mganga aliyejulikana katika historia, ambaye uhai wake ulifika hadi miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Masimulizi yanasema kwamba maofisa wa kikoloni walipomtafuta, alijigeuza: mara mtoto, mara mzee, mara mwanamke. Mhakiki anayesaka shujaa wa vita atasikitika, kwani Gor hapigani wala hasalitiwi, na kifo chake si kilele cha kisa. Ndiyo maana mara nyingi husomwa kama mchawi wa kuchekesha, na jina lake, ambalo tangu 1968 limekuwa pia la klabu ya kandanda, linabaki bila kisa.

Tukimsoma pamoja na ajuza wa Simbi na yule wa Nyandiwa, mambo yanabadilika. Katika visa vile viwili mgeni ndiye mwenye siri na mwenyeji ndiye anayepimwa. Kwa Gor uhusiano huo umepinduliwa: mwenyeji ndiye anayejificha, na mgeni ndiye anayeshindwa kumtambua aliye mbele yake. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini afisa wa kikoloni hakuja apone mtu, alikuja kutawala. Kisakale hiki, basi, hakikanushi maadili ya ukarimu yaliyomo katika Simbi. Kinauliza ukarimu ufanyeje mgeni anapodai kuwa mwenye nyumba. Swali hilo ndilo mgeuko wenyewe wa historia.

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba mahali na wakati ni sehemu ya tukio la kifasihi. Kwa hiyo hatuna budi kuitazama Thimlich Ohinga ya Migori, maboma ya mawe yaliyopangwa bila kiunganishi, ambayo hudhaniwa kuanza kujengwa karne ya 16 na ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hatuna jina la shujaa aliyeyajenga. Tulicho nacho ni kuta nene zilizolinda watu na mifugo, na milango myembamba ya kumdhibiti anayeingia. Hatudai kwamba visakale vilitokana na maboma hayo. Tunachosema ni kwamba mawe na masimulizi yanashughulikia wasiwasi ule ule: nani aingie, na kwa masharti gani.

Athari yake katika ufundishaji ni dhahiri. Mwanafunzi aliyefunzwa kutafuta shujaa peke yake atakwenda Homa Bay akarudi na orodha ya maajabu, na Migori atarudi mikono mitupu. Hatupendekezi kwamba Liyongo na Magere waachwe. Tunapendekeza kwamba swali la shujaa litanguliwe na jingine: katika kisa hiki, ni nani aliyefika mlangoni, na alipokewaje?