Abiria au Mali? Safari ya Mary Prince, 1828

Katika masimulizi ya Mary Prince, yaliyochapishwa London mwaka 1831, safari ya merikebu kutoka Antigua hadi Uingereza inachukua sentensi chache tu. Hazitaji tanga wala wimbi. Zinataja wema wa mhudumu wa chombo, ukali wa bibi yake na maumivu yaliyozidi walipokaribia Uingereza. Safari ya awali, ya kupelekwa visiwa vya Turks, inaeleza shwari iliyokwamisha chombo hadi maji na chakula vikapimwa. Tofauti hii isichukuliwe kuwa upungufu wa usimulizi. Shwari iliwabana wote chomboni; bibi alimbana mmoja. Kumwita msimulizi huyu “abiria” bila ufafanuzi ni kuficha kwamba alisafiri akiwa mali ya abiria wengine.