Sifa za Fundi wa Dohani

Kuwasha moto ni kazi ndogo. Boila ya gesi inayopasha maji katika nyumba za Uingereza huwaka kwa kubonyeza kitufe, na hata mtoto anaweza kukibonyeza. Fundi huitwa kwa ajili ya hewa: ile inayouendea moto, na ile inayotoka motoni ikiwa imekwisha kubadilika. Namsifu hasa kwa hii ya pili, maana mwenye nyumba haioni na wala hapendi kuilipia.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ujazo mmoja wa methani huhitaji hewa ya ujazo karibu mara kumi ili iungue yote. Hewa ikitosha, hutoka kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Ikipungua, huzaliwa monoksidi ya kaboni, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu kwenye nyanda zetu za baridi, jiko la mkaa linapoingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Anayeivuta huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, akadhani ni mafua, akaenda kulala. Na ile harufu kali ya gesi tuijuayo sote haimsaidii, kwa sababu hutiwa kabla gesi haijafika majumbani ili uvujaji ujulikane, kisha huungua pamoja na gesi yenyewe. Moshi wake hauonyi mtu.

Boila za zamani zilivuta hewa ya chumbani na kutoa moshi kwa dohani. Kwa hiyo ukuta uliachiwa matundu, na matundu yakaleta upepo wa Januari, na wakazi wakayaziba kwa magazeti na gundi. Nani atawalaumu? Baridi waliisikia kila jioni, hatari hawakuisikia kamwe. Fundi mwema huyazibua, akaeleza sababu, kisha akafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: anafunga milango na madirisha, anawasha feni ya jikoni, halafu anashika kijiti kinachofuka karibu na mahali moshi wa boila unapoanzia safari yake ya juu. Moshi wa kijiti ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Ukirudi chumbani, boila inazimwa siku hiyo hiyo, hata mwenye nyumba akinuna.

Boila za sasa zina bomba ndani ya bomba. La nje huleta hewa kutoka uani, la ndani hutoa moshi, na chumba hakihusiki na lolote. Ubunifu huu umeokoa wengi, lakini umehamishia ufundi mahali pa siri zaidi. Bomba likishakatwa, ukingo wake unapaswa kulainishwa kwa tupa, la sivyo makali yake yatachana mpira unaozuia uvujaji kwenye kiungo. Boila hizi pia hupoza moshi hadi mvuke ugeuke maji, ndiyo maana bomba hulazwa kwa mteremko mdogo, kama digrii 3, maji hayo ya asidi yarudi kwenye boila na kutoka kwa njia yake. Mdomo wa bomba nao hukaa mbali na dirisha linalofunguka, kwa kawaida angalau milimita 300. Ukuta ukishazibwa, nani atajua kama tupa ilipita?

Kipimo kitajua. Fundi huchomeka ncha yake katika njia ya hewa inayoingia, ambako pasipo kasoro oksijeni ni karibu asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 20.6, mahali fulani moshi unapenya na kurudi motoni. Tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia moja, naye anafungua kila kitu upya! Hapo ndipo namwona fundi wa kweli.

Uingereza ilijifunza uzito wa kazi ndogo kwa uchungu. Tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point mashariki mwa London, gesi ililipuka kwenye ghorofa ya 18 na pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Jengo lenyewe lilikuwa na udhaifu mkubwa, lakini gesi ilikuwa imevuja kwenye nati hafifu iliyounganisha jiko na bomba. Tangu 2009 mafundi wa gesi huko wanasajiliwa na Gas Safe Register, na kila mmoja hubeba kadi yenye picha yake. Nyuma ya kadi imeandikwa ni kazi zipi anazoruhusiwa. Aliyefuzu majiko huenda hajafuzu boila.

Waswahili wengi waishio huko ni wapangaji, na ukaguzi wa gesi ni haki yao kisheria. Mwenye nyumba analazimika kuleta fundi aliyesajiliwa kila mwaka kukagua vifaa vyake vya gesi, na kumpa mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28. King'ora cha monoksidi ya kaboni ni kizuri, kiwekwe, lakini hulia baada ya sumu kuwamo chumbani. Cheti kidaiwe, na fundi akibisha hodi aombwe kwa heshima aigeuze kadi, usomwe upande wa nyuma.