Selimundu: jinsi swichi moja ya jeni ilivyozimwa

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na damu inayofanya kazi vizuri. Viungo havimuumi, vidole havijavimba, na ukiiweka damu yake chini ya hadubini katika siku zake za kwanza utaona seli chache tu zilizopinda. Shida huanza miezi kadhaa baadaye. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliliangalia jambo hilo kwa makini na akatoa pendekezo: watoto hao wanalindwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni, na ulinzi unaisha pale himoglobini hiyo inapopungua.

Ilichukua miongo saba na nusu kwa pendekezo hilo kuwa tiba. Tiba yenyewe inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 16, 2023, na Marekani ikafuata Desemba 8 mwaka huohuo. Imetangazwa sana kama tiba inayorekebisha jeni ya selimundu, na hapo ndipo wengi wanapoielewa vibaya. Jeni yenye kosa haiguswi. Inabaki kama ilivyorithiwa, hata katika damu ya mtu aliyetibiwa. Watafiti walikwenda kufanya kazi kwenye kromosomu nyingine kabisa, na sababu yao ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Kosa la herufi moja

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa na miwili ya beta. Katika selimundu, herufi moja ya DNA kwenye jeni ya beta, yaani A, imegeuka kuwa T. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa husogea tofauti na ya watu wengine ikipitishiwa umeme. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliikatakata protini hiyo, akavilinganisha vipande vyake, na akaipata tofauti yenyewe: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi amino iitwayo glutamiki imeachia nafasi yake kwa nyingine iitwayo valini.

Badiliko hilo dogo lina madhara makubwa kwa sababu ya tabia za asidi hizo mbili. Glutamiki inapatana na maji, valini inayakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo, na kwenye molekuli ya jirani hutokea kishimo ambamo valini inaingia na kutulia. Molekuli moja inainasa ya pili, ya pili inainasa ya tatu, mpaka unatokea uzi mrefu na mgumu. Nyuzi hizo huisukuma seli kutoka ndani na kuipinda. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Iliyopinda huishi kati ya siku 10 na 20, na katika muda huo mfupi huweza kuziba mishipa midogo ya damu. Kuziba huko ndiko kunakoleta maumivu makali, kiharusi, na uharibifu wa wengu, figo na mifupa.

Himoglobini ya kijusi, ile ambayo mtoto hutoka nayo tumboni, ina mnyororo wa gama mahali pa beta. Gama haina valini ile, na molekuli yenye gama haikubali kuunganishwa kwenye uzi. Ikiwamo ya kutosha ndani ya seli, uzi haupati nafasi ya kurefuka. Jambo la kutia matumaini ni kwamba jeni mbili za gama anazo kila mmoja wetu, katika kromosomu ya 11, jirani kabisa na jeni ya beta. Kwa mgonjwa wa selimundu jeni hizo kwa kawaida ni nzima. Zimezimwa tu, kama zinavyozimwa kwa kila mtoto baada ya kuzaliwa.

Kumsaka mzimaji

Madaktari walijua tangu zamani kwamba kuna familia ambazo gama haizimwi. Watu hao wanaendelea kutengeneza himoglobini ya kijusi kwa wingi hata ukubwani, na hawaumwi. Aliyerithi hali hiyo pamoja na selimundu huwa na ugonjwa mwepesi sana. Ushahidi ulikuwapo basi kwamba gama ikibaki hai haidhuru, na inatibu. Kilichokosekana ni jina la kinachoizima.

Jina hilo lilipatikana mwaka 2007. Kundi la Stephan Menzel na Swee Lay Thein huko London lililinganisha DNA ya watu wazima wenye kiwango cha juu cha himoglobini ya kijusi na ya wenye kiwango cha chini. Tofauti moja ikajitokeza katika kromosomu ya 2, ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Waliokuwa wakiifahamu jeni hiyo ni watafiti wa seli nyeupe na saratani za damu. Kwenye habari za himoglobini haikuwa ikitajwa.

Mwaka uliofuata Vijay Sankaran, wakati huo mwanafunzi katika maabara ya Stuart Orkin mjini Boston, alipunguza protini ya BCL11A katika seli za binadamu zilizokuwa zikikua kuwa seli nyekundu. Gama ikarudi. Mwaka 2011 maabara hiyohiyo iliiondoa BCL11A katika seli nyekundu za panya wenye selimundu, na dalili za ugonjwa zikatoweka, ingawa jeni mbovu ya beta ilikuwa palepale.

Mwaka huohuo wa 2011, Julie Makani na Siana Nkya wa Muhimbili nchini Tanzania, wakishirikiana na kundi la Thein, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. BCL11A ilionekana kuathiri kiwango cha himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Matokeo hayo yana uzito wake. Ugunduzi wa 2007 ulitokana na watu wenye asili ya Ulaya, ilhali mzigo mkubwa wa selimundu uko Afrika. Bila kupima huku, hakuna ambaye angeweza kusema kwa uhakika kuwa swichi ni ileile.

Kuzima bila kuharibu

Hapa kazi ilikutana na kikwazo. BCL11A haiishii kuzima gama. Ubongo unaihitaji unapokua. Watoto wachache waliozaliwa na nakala moja tu inayofanya kazi wana himoglobini nyingi ya kijusi, lakini maendeleo yao ya akili huchelewa. Seli za kinga za aina ya B zinaihitaji, na seli shina za damu, zile zinazozaa aina zote za seli za damu, zinaihitaji pia. Kuivunja jeni nzima ndani ya seli shina kungetibu tatizo moja na kuzaa mengine.

Njia ya kutokea ilifichwa katika matokeo ya mwanzo. Tofauti za kurithi zilizoonekana mwaka 2007 hazikuwa kwenye sehemu ya jeni inayoandika protini. Mwaka 2013 Daniel Bauer na Orkin walionyesha kwamba zimo katika enhansa, kipande cha DNA kinachoongeza nguvu ya jeni, na kwamba enhansa hiyo inafanya kazi katika ukoo wa seli nyekundu pekee. Seli za kinga haziitegemei. Ukiiharibu, BCL11A inashuka mahali pale unapotaka ishuke, na kwingine inaendelea na kazi zake.

Mwaka 2015 kundi hilo, likishirikiana na Feng Zhang, lilitaka kujua ni herufi zipi hasa ndani ya enhansa zenye nguvu hiyo. Walitengeneza mamia ya RNA elekezi, kila moja ikiupeleka mkasi wa CRISPR, zana ya kukata DNA, kwenye sehemu tofauti, mpaka enhansa yote ikafikiwa. Wakaziingiza katika kundi kubwa la seli, kisha wakazitenga zilizoanza kutengeneza himoglobini nyingi ya kijusi na kusoma ni mkato upi uliokuwa ndani yake. Matokeo yakaelekeza kwenye sehemu fupi sana ambayo ndiyo inayoshikwa na GATA1, protini inayoongoza ukuaji wa seli nyekundu. Zikivurugwa herufi chache za hapo, GATA1 inakosa pa kushika, BCL11A inadhoofika, gama inafunguka.

Mimi nalihesabu jaribio hilo kuwa kilele cha kazi yote. Kabla yake kulikuwa na nadharia nzuri. Baada yake kulikuwa na anwani kamili ya mahali pa kukata.

Kutoka maabara hadi kitandani

Kwa mgonjwa, tiba inaanza kwa dawa inayozitoa seli shina kwenye uboho wa mifupa na kuziingiza katika damu. Dawa iliyozoeleka kwa watoaji wa uboho haitumiki, kwa kuwa inaweza kumletea mwenye selimundu shambulio la hatari. Hutumika nyingine iitwayo pleriksafo. Mashine huchuja damu na kuzikusanya seli shina. Maabarani, umeme wa muda mfupi hufungua vitundu kwenye utando wa seli, na mkasi wa CRISPR pamoja na RNA elekezi huingia. DNA ikishakatwa, seli huiunga yenyewe haraka, lakini huacha makosa madogo pale pale GATA1 inaposhika. Makosa hayo ndiyo yanayotakiwa.

Kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali inayosafisha uboho wa zamani. Hukaa hospitali wiki kadhaa akisubiri uboho mpya uanze kuzaa damu. Victoria Gray wa Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivi nchini Marekani, alipewa seli zake Julai 2019, na himoglobini yake ya kijusi ikapanda kupita asilimia 40. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 30 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Busulfani inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Kunahitajika pia maabara na wodi ambazo hospitali nyingi za Afrika hazina. Kwa watoto wapatao 11,000 wanaokadiriwa kuzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, tiba hii kwa sura yake ya sasa haifikiki.

Elimu iliyoizaa ndiyo inayofikika. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis walichapisha habari za molekuli ndogo inayoharibu protini nyingine ya kuzima gama, iitwayo WIZ, na himoglobini ya kijusi ikapanda kwa panya na nyani waliopewa. Molekuli ya aina hiyo inaweza kuja kuwa kidonge. Hapo ndipo fedha za utafiti kwa ajili ya Afrika zinapostahili kwenda.

Na wakati tukisubiri, kidonge kimoja kinachopandisha himoglobini ya kijusi kipo tayari. Haidroksiurea ilipimwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, maambukizi, malaria, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Sayansi ya kuokoa watoto wengi tunayo leo. Wanaopanga bajeti za afya waweke kipimo cha selimundu kwa kila mtoto mchanga, penisilini ya kuwakinga wadogo, na haidroksiurea katika kila hospitali ya wilaya. Nawe mzazi, mtoto wako akizaliwa, ulizia kipimo hicho kabla hajafikisha miezi sita.