Kabla Programu Haijaanguka

Programu ikianguka Ngara, aliyeiandika mara nyingi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Karani wa stoo ya dawa anaona dirisha limejifunga lenyewe, anamwita mwenzake, na wote wawili wanakubaliana kuwa umeme umeyumba. Si ajabu. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliishi kwa majenereta ya dizeli, na hata sasa ambapo mtambo wa Rusumo wa megawati 80 umeunganishwa kwa njia ya umeme hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, lawama ya kwanza bado huangukia umeme. Kasoro ya kweli inabaki imejificha ndani ya programu, na kesho yake inaangusha tena.

Fundi wa kweli huifikiria siku hiyo kabla hajaituma kazi yake. Huiwekea programu maktaba ndogo ya kuandika nyayo: fanksheni ipi iliiita ipi, hatua kwa hatua, hadi pale ilipokwama. Tuseme kadi imeingizwa bila tarehe. Programu isiyoandaliwa inakufa ikiacha namba tupu kama 0x4011d6, au haiachi chochote. Iliyoandaliwa inaacha mistari mitatu: main iliita fungua_kadi, fungua_kadi ikaita soma_tarehe, nayo soma_tarehe ikakwama katika faili ya tarehe.c, mstari wa 212. Karani anaisoma mistari hiyo kwa simu, na fundi aliyeko mbali anajua aanzie wapi.

Wanaotumia Java hupewa nyayo hizi bila kuomba. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret Februari 2006 na kufika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, Agosti mwaka huohuo, umeandikwa kwa lugha hiyo. Programu za C na C++ hazina bahati hiyo. Kompaila huzigeuza kuwa lugha ya mashine, na majina ya fanksheni hupotea njiani kama hakuna aliyeyatunza.

Ustadi wenyewe umo katika mambo ambayo mtumiaji hatayaona kamwe. Katika Linux, fanksheni ya glibc, maktaba ya msingi ya C, iitwayo backtrace, inapoitwa mara ya kwanza, hupakia maktaba nyingine na kuomba kumbukumbu. Kuomba kumbukumbu wakati programu imeshaharibika ni hatari: yaweza kuganda palepale, nyayo zisiandikwe. Kwa hiyo fundi makini huiita mara moja mwanzoni, mambo yakiwa bado shwari, bila haja yoyote na matokeo yake, ili siku ya anguko kila kitu kiwe tayari. Huchagua pia backtrace_symbols_fd, ambayo huandika moja kwa moja kwenye faili bila kuomba kumbukumbu. Tena hutenga staki ya akiba, maana staki yenyewe, yaani kumbukumbu inayobeba miito ya fanksheni, ikifurika, msimbo wa kuripoti ajali unakosa hata mahali pa kusimama. Na kwa kuwa mifumo ya leo huipakia programu kwenye anwani tofauti kila inapowashwa, huhakikisha anwani ya mwanzo imeandikwa pia; bila hiyo addr2line, zana ya kugeuza anwani kuwa mstari wa msimbo, haina la kusema.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1951, pale Cambridge, Stanley Gill alichapisha makala kuhusu kutafuta makosa katika programu za kompyuta ya EDSAC, na miongoni mwa njia zake ilikuwa kuifanya mashine ichape alama ya kila amri inayoitekeleza. Kompyuta ile ilijaza chumba kizima na kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno, lakini nafasi ya kutafutia makosa ilipatikana.

Baadaye ubahili ukaingia. Prosesa za biti 32 za Intel zilikuwa na rejista 8 tu, na moja kati yake ilitumika kuonyesha fremu ya kila mwito, ambayo nyayo hufuatwa kwayo. Kompaila zikaanza kuiondolea rejista hiyo kazi hiyo ili kubana muda. Prosesa za biti 64 zikaja na rejista 16, lakini tabia ya kubana ikabaki. Fedora, mmoja wa mifumo ya Linux, ilikuja kuirudishia rejista hiyo kazi yake kwenye toleo la 38, mwaka 2023, na Ubuntu ikafuata kwenye toleo la 24.04. Katikati hapo, watu wengi wamejifunza kuandika programu bila kuwahi kuona nyayo zilizonyooka. Wanaijaribu kazi mezani pao, penye zana zote, wanaivua majina ili faili iwe nyepesi, wanaituma, kisha simu ikipigwa kutoka Biharamulo wanamwambia karani azime na kuwasha. Huko ni kumtupia mtumiaji mzigo usio wake.

Anayeandaa programu ya kupelekwa wilaya kama hizi aiangushe kwanza mwenyewe, kwa makusudi, kwenye kompyuta isiyo na zana zake, aone kama nyayo zinasomeka. Faili yenye majina aitunze ofisini pamoja na kitambulisho cha toleo lilelile lililotumwa. Toleo likipishana, hata kama msimbo umebadilika kidogo tu, namba zitamwelekeza mstari usiohusika.