Mwenda Jean Bosco: mtu mmoja na gitari moja

Wakati wa likizo, katekista mmoja wa upande wa Oicha, aliyekimbilia Butembo pamoja na jamaa yake, alituletea simu yake tusikilize. Ndani mlikuwa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, zile za mwaka 1952 na zile alizoimba Cape Town mwaka 1988, zimechanganyika pasipo mpango. Akauliza: «Huyu ni mtu mmoja kweli, ama ni wawili?» Yeye aliuliza juu ya gitari, maana alisikia kama wapigaji wawili. Lakini swali lake lilitugusa kwa upande mwingine pia, kwa kuwa sisi tulikuwa tukijiuliza kama mzee wa Cape Town ni yule yule kijana wa Jadotville.

Maneno ya maisha yake ni machache. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, katika nchi ya Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na masini yake kukamata nyimbo za watu, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Wimbo wa «Masanga» ukatoka katika disiki, na jina la kijana likavuka mipaka. Baadaye alikaa Nairobi kwa muda, akapiga katika redio, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Mwaka 1969 aliitwa Marekani, kwenye sikukuu ya muziki ya Newport. Kwa kawaida lakini alikaa Lubumbashi, akafanya kazi ya banki na biashara. Septemba 1990 alikufa kwa ajali ya motokari katika Zambia.

Turudi kwenye mkono wake, kwa sababu ndipo penye utajiri. Yeye hakukwaruza nyuzi zote pamoja kama wanavyofanya vijana wetu wengi kwenye mikutano ya parokia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kutembea bila kuchoka. Kidole cha shahada kilipanda na kushuka juu ya nyuzi nyembamba. Katika «Masanga» kile cha juu hakifuati tu kile cha chini. Mara kinatangulia, mara kinachelewa, mara kinakatiza njia, na wimbo unaporudi mwanzo haurudi kamwe vile vile. Mwenye kujua likembe atafahamu upesi. Ndiyo maana katekista wetu alihesabu watu wawili, wala si yeye peke yake aliyeshangaa: mtaalamu David Rycroft aliandika mapigo hayo kwa noti, alama kwa alama, katika gazeti «African Music» mwaka 1961 na 1962. Mtu mwingine, John Low, alisafiri mpaka Shaba mwaka 1979 ili ajifunze kwa mzee mwenyewe, akatoa kitabu juu ya safari ile. Mtu anavuka bahari kwa ajili ya vidole viwili! Sisi tuliokaa katika nchi ile ile tumeona haya kidogo tulipokisikia.

Wengine husema ni blues ya Kongo. Neno hili linaweza kutusaidia, tukilishika kwa uangalifu. Weusi wa Mississippi nao walikuwa na watu wa namna hii: mmoja, gitari yake, kidole gumba kinachofanya kazi ya ngoma. Lakini Mwenda alikuwa na shule zake: nyimbo za nchi yake na za Zambia, disiki za Kuba, hata sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Alivimeza vyote, na kilichotoka kilikuwa chake.

Sasa habari ya Kiswahili chake. Tunajua ya kwamba kuna ndugu kati yetu wasiovumilia Kiswahili cha Katanga. Wanasema kimevunjika, na kwamba seminari shurti ifundishe Kiswahili safi cha Tanzania. Kwa vitabu tunakubali. Lakini Mwenda aliimba katika lugha ya watu waliotoka makabila mbali mbali kufanya kazi katika miji ya shaba, na lugha hiyo ilimchukua mpaka Nairobi bila pasiporti. Maneno yake ni mafupi, kama ya mtu anayezungumza barazani. Anataja jamaa, anataja safari, anaacha sentensi kati na kuiachia gitari imalize. Mhubiri akimsikiliza vizuri atajifunza mahali pa kunyamaza. Sisi wahubiri wa Butembo tunajulikana kwa mengine.

Juu ya jina tuseme neno moja tu. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristu, na Kardinali Malula alipolazimika kwenda Roma, kila Jean na kila Joseph alitafuta jina la wazee wake. Huyu aliitwa Mwenda wa Bayeke. Watu hawakusahau Bosco.

Disiki ya Cape Town ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, nyuma ya kufa kwake. Tumeisikiliza mara nyingi, na hatukubali sifa zote inazopewa. Masini ni nzuri kupita ile ya Tracey. Kila uzi unasikika. Lakini kwa masikio yetu kijana wa 1952 anapiga kama mtu anayefukuzwa, na sababu moja ni ndogo kabisa: disiki ya siku zile ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, basi shurti aseme yote mbele haijaisha. Mwaka 1988 hakuna anayemfukuza. Anatembea. Mahali fulani tumetamani ile haraka ya zamani. Mahali pengine utulivu huu unaonyesha kitu ambacho haraka ilikificha: sauti ya mtu wa miaka 58 anayejua ya kwamba wenzake wa kwanza hawapo kusikiliza. Tumekumbuka Mississippi John Hurt, aliyeimba katika disiki mwaka 1928, akasahauliwa, akatafutwa mzee mwaka 1963. Naye kidole gumba hakikumwacha. Tukilazimishwa kuchagua, tutashika «Masanga» ya kwanza. Ile ya mzee hatutaitupa.

Padri mmoja, aliposikia ya kwamba tunaandika haya, alituambia ya kwamba nyimbo za baa hazina nafasi katika gazeti la seminari. Hatupendi kubishana na wakubwa. Lakini tumeona kwaya za mjini zikinunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Umeme ukikatika, misa inaimbwa nusu. Tumeona pia watu wa Beni, tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014, wakifika na kile tu walichoweza kubeba kichwani. Orkestra haibebwi kichwani. Katika kilio, usiku, mtu mmoja mwenye gitari akikaa pembeni ya moto na kuimba polepole kwa Kinande ama kwa Kiswahili, watu wanasogea. Tumeliona hilo hapa Butembo, wala mwenye gitari hakuwa mtu wa baa. Alikuwa yule katekista.

Sasa anajifunza «Masanga» kutoka katika simu. Kidole gumba kimeanza kutii, kile kingine bado. Alituomba nyuzi mbili nene. Sokoni tumepata moja. Ya pili tunaingoja na wachuuzi wanaorudi kutoka Kampala kwa njia ya Kasindi.