Uongozi Ulivyoiokoa LIGO

Septemba 14, 2015, vitambuzi viwili vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford, Washington, na kingine Livingston, Louisiana, vilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya graviti. Sifa zilikwenda kwa leza na vioo, na zilistahili. Lakini ukiifuatilia historia ya mradi huu, utaona kwamba nusura uangushwe na wanasayansi wenyewe kwa kushindwa kufanya kazi pamoja. Mwanzoni uliongozwa na watatu, Rainer Weiss, Kip Thorne na Ronald Drever, waliotakiwa kuafikiana kwa kila jambo. Wote walikuwa mabingwa, ila hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kukata shauri, na maamuzi yakasuasua. Mwaka 1987 akaletwa mkurugenzi mmoja, Rochus Vogt. Mradi ukapata mwelekeo, lakini yeye na Drever hawakuelewana, na mwaka 1992 Drever akaondolewa.

Barry Barish alishika usukani mwaka 1994, akitokea kwenye mradi wa SSC, mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe huko Texas, uliofutwa na Bunge la Marekani mwaka uliotangulia. Alimleta Gary Sanders awe meneja mradi na kuongeza wahandisi. Hatua iliyozaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 1997: maabara inayojenga na kuendesha mitambo ilitenganishwa na ushirika wa kisayansi uliowafungulia mlango watafiti wa nje. Matunda yake yamo ndani ya mtambo. Kila kioo kikuu cha LIGO iliyoboreshwa kina uzito wa kilo 40, nacho kinaning'inia kwa nyuzi nne za silika zenye unene wa milimita 0.4 hivi. Ufundi huo ulitoka Glasgow, kwa kundi lile lile alilolianzisha Drever!

Wapo watakaosema kwamba urasimu huua ubunifu, na yaliyompata Drever ni ushahidi. Hoja hiyo ina uzito, maana mbinu aliyoshiriki kuibuni ya kutuliza leza inatumika mpaka leo. Ila mambo yaliharibika kabla ya Barish, pale walipokosekana watu wa kusikiliza, kusuluhisha na kuamua mapema. Ujuzi huo Barish aliupata kazini, kwenye majaribio makubwa ya fizikia ya chembe, na mwaka 2017 alipewa robo ya Tuzo ya Nobel. Vyuo vyetu viuingize kwenye masomo ya uzamivu, na wanaoufundisha wawe watu waliowahi kubeba dhamana ya mradi.